Shajara ya mradi: tasnifu ya uzamivu kuhusu amri za Mahakama ya Afrika dhidi ya Tanzania

Januari: kupunguza swali

Mada iliyoingia kwenye andiko la awali ilikuwa "Tanzania na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu". Mada hiyo inatosha vitabu vitatu na haimalizi tasnifu hata moja. Baada ya vikao na wasimamizi limebaki swali hili: Mahakama inapoiamuru Tanzania ifanye jambo, maneno ya amri yenyewe yana uzito gani katika kutekelezwa au kutotekelezwa kwake?

Swali hili linabebeka kwa sababu mkusanyiko wa mashauri una mpaka. Tanzania iliweka tamko la Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoianzisha Mahakama mwaka 2010, tamko linaloruhusu mtu binafsi na asasi kufungua shauri moja kwa moja. Ililiondoa Novemba 2019, na kuondolewa huko kukaanza kuwa na nguvu tarehe 22 Novemba 2020. Mahakama ilikuwa imekwisha kusema katika shauri la Ingabire dhidi ya Rwanda, tarehe 3 Juni 2016, kwamba kujiondoa kunahitaji notisi ya mwaka mmoja na hakugusi mashauri yaliyokwisha kufunguliwa. Kwa hiyo mlango wa kuingilia umefungwa lakini hukumu zinaendelea kutoka. Mtafiti akiweka tarehe moja ya mwisho ya hukumu atakazozisoma, anajua kazi yake inaishia wapi. Tarehe hiyo imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko, na haitasogezwa hata itoke hukumu tamu kiasi gani.

Kishawishi kikubwa cha kufanyia utafiti wa sheria Arusha, yalipo makao ya Mahakama, ni kutaka kulinganisha kila mahakama iliyopo mjini. Tumekikataa mapema. Mahakama ya Jinai ya Kimataifa kwa Rwanda, iliyoundwa kwa Azimio 955 la 8 Novemba 1994 na kufungwa 31 Desemba 2015, ilihukumu watu, haikuamuru serikali. Kumbukumbu zake kule Lakilaki ni hazina kubwa, ila hazijibu swali hili. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iko karibu zaidi na mada, lakini mlango wake ni mwingine kabisa: Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inampa mtu binafsi miezi miwili tu kufungua shauri, wala haimtaki amalize kwanza mahakama za ndani. Mahakama ya Afrika inataka njia za ndani ziwe zimemalizwa, na inaangalia muda kwa kigezo cha "muda wa kuridhisha" cha Ibara ya 56(6) ya Mkataba wa Afrika. Ukiweka takwimu za mahakama hizi mbili kwenye jedwali moja, tofauti utakayoiona imetokana na masharti ya kufungua shauri, si na utii wa serikali. Afrika Mashariki imepewa sehemu moja ndani ya sura ya pili, basi.

Februari na Machi: rejista ya amri

Huu ndio moyo wa mradi, na ndiyo miezi ambayo mwanafunzi wa sheria huwa anataka kuiruka ili aanze kuandika. Asiiruke. Tasnifu nyingi za sheria hukwama mwaka wa tatu kwa sababu mwandishi amesoma hukumu nyingi na kuzipigia mistari, lakini hana mahali pamoja anapoweza kuuliza swali na kupata jibu lilelile kila mara.

Rejista ni jedwali la Excel. Mstari mmoja ni amri moja, si shauri moja. Hukumu moja inaweza kuwa na amri ya kulipa fidia, amri ya kubadili sheria, amri ya kuchapisha muhtasari na amri ya kutoa ripoti, na serikali ikatii ya tatu ikaacha ya pili. Anayehesabu mashauri atalazimika kuandika "imetekelezwa kwa sehemu" kila mahali, na neno hilo halimwambii msomaji lolote.

Safu zinazojazwa ni namba ya ombi, tarehe ya kufunguliwa, tarehe ya uamuzi, aina ya uamuzi, namba ya aya ya amri, maneno ya amri kama yalivyo, aina ya nafuu (fidia, kubadili sheria na kadhalika), muda uliotolewa, muda unaanza kuhesabiwa lini, tarehe ya ripoti iliyotakiwa, ushahidi wa utekelezaji, chanzo cha ushahidi na tarehe ya kukikagua. Safu ya "muda unaanza lini" inaonekana ndogo lakini inabeba mengi. Amri moja huhesabu tangu siku ya hukumu, nyingine tangu siku serikali ilipotaarifiwa. Ukizichanganya, unaweza kuituhumu serikali kuchelewa wakati bado iko ndani ya muda. Fidia nayo ina mtego wake: baadhi ya amri zimetaja dola za Marekani, nyingine shilingi za Tanzania, na nyingi zinasema ilipwe bila kodi ndani ya miezi sita, ikichelewa iongezwe riba kwa kiwango cha Benki Kuu ya Tanzania. Weka sarafu kwenye safu yake. Usibadilishe dola kuwa shilingi ndani ya rejista, kwa sababu kiwango cha leo si cha siku ya hukumu.

Shauri la Alex Thomas, Ombi Na. 005/2013, limetumika kama kipimo cha muundo, maana linavunja kila jedwali la ovyo. Hukumu ya msingi, inayoamua kama haki imekiukwa, ilitoka 20 Novemba 2015. Mahakama iliona haki ya kusikilizwa ilikiukwa, likiwemo suala la kukosa msaada wa kisheria, ikakataa kuamuru aachiwe, lakini ikaitaka serikali ichukue "hatua zote muhimu" kurekebisha ukiukwaji, bila kufungua upya utetezi wala kurudia kesi. Hatua zipi sasa, kama kuachiwa hakukuamriwa na kesi hairudiwi? Shauri likarudi mahakamani kwa maombi ya tafsiri ya hukumu, yaani kufafanuliwa maana yake, na tarehe 28 Septemba 2017 Mahakama ikaeleza kwamba hatua hizo zinaweza kuwa pamoja na kumwachia au hatua nyingine yoyote itakayofuta madhara ya ukiukwaji. Hukumu ya fidia ilikuja 4 Julai 2019. Ni mtu mmoja na maamuzi matatu, na maombi ya tafsiri yalipewa namba mpya ya mwaka 2017. Anayetafuta kwa namba ya 2013 peke yake atayakosa. Ndiyo sababu kila mstari una safu ya "shauri mama".

Shauri hilo pia ndilo lililotupa dhana ya kufanyia kazi. Amri yenye kitenzi kimoja, kitu kimoja na tarehe moja inapimika. Amri ya "hatua zote muhimu" inaipa serikali nafasi ya kuuliza maana yake, na kila swali linasogeza muda mbele. Mfano wa upande wa pili ni hukumu ya fidia katika shauri la Mchungaji Mtikila, 13 Juni 2014: chapisha muhtasari wa Kiingereza na tafsiri yake ya Kiswahili, mara moja kwenye Gazeti la Serikali na mara moja kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima, ndani ya miezi sita, weka hukumu nzima kwenye tovuti rasmi kwa mwaka mmoja, leta ripoti ndani ya miezi tisa. Hapo mtafiti anakwenda maktaba kufungua Gazeti la Serikali na kuangalia. Hukumu ya msingi ya shauri hilohilo, ya 14 Juni 2013, ilitaka hatua za kikatiba, za kisheria na nyinginezo "ndani ya muda wa kuridhisha" kuhusu mgombea binafsi. Ndani ya shauri moja kuna amri mbili zilizo mbali mno kwa upimikaji. Zimekuwa mhimili wa sura ya nne.

Kuhusu vyanzo, matini inanakiliwa kutoka tovuti ya Mahakama, kisha inalinganishwa na juzuu za ripoti za sheria za Mahakama, kwa sababu kurasa za juzuu ndizo zitakazonukuliwa: Mtikila ni (2013) 1 AfCLR 34, Thomas ni (2015) 1 AfCLR 465, Ally Rajabu ni (2019) 3 AfCLR 539. Mwisho wa kila hukumu kuna sentensi inayosema ni lugha ipi yenye nguvu, Kiingereza au Kifaransa. Isomwe kila mara. Ikiwa Kifaransa ndicho chenye nguvu, maneno ya amri yanachukuliwa huko, na Kiingereza kinawekwa pembeni kama msaada.

Hali ya kazi mwisho wa Machi: rejista imejazwa hadi hukumu za 2019.

Aprili: majalada ya ndani

Hukumu ya Mahakama ya Afrika inaeleza safari ya kesi nchini kwa aya chache tu. Ili kujua kama amri inatekelezeka, lazima ujue kesi ilipitia wapi. Ya Thomas ilianzia Mahakama ya Wilaya ya Rombo, ikaenda Mahakama Kuu Moshi, ikafika Mahakama ya Rufani iliyoketi Arusha. Watu wa huku wanaijua njia hiyo kijiografia: Mkuu, Himo, Moshi, Arusha. Kwa majalada, ianzie mwisho. Rufaa inapopanda, jalada la mahakama ya chini huitwa juu, na halirudi haraka. Anayeanzia Rombo anaweza kuambiwa halipo, akaandika kwamba limepotea, kumbe liko kwenye masjala ya juu. Uliza kwanza hukumu ya Rufani, chukua namba za rufaa zilizotajwa ndani yake, kisha shuka nazo hatua kwa hatua.

Kwa hukumu za Rufani na Mahakama Kuu, TanzLII, hazina ya hukumu mtandaoni, inatosha kwa sehemu kubwa na haina malipo. Za zamani ziko kwenye Tanzania Law Reports. Mlolongo wa mashauri ya Mtikila kuhusu mgombea binafsi unaonyesha kwa nini vyote viwili vinahitajika: uamuzi wa Mahakama Kuu uliochapishwa kwenye [1995] TLR 31, kisha shauri jipya la Mahakama Kuu la 2005, kisha Rufani, Rufaa ya Madai Na. 45 ya 2009, iliyotolewa uamuzi Juni 2010. Ruka mmoja na hoja ya kumaliza njia za ndani haitaeleweka.

Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyoifanya lugha ya mahakama na sheria kuwa Kiswahili, baadhi ya hukumu zinakuja kwa Kiswahili. Rejista imeongezwa safu ya lugha. Nukuu ya Kiswahili inaingia kwenye tasnifu kwa Kiswahili, tafsiri inakaa kwenye tanbihi pamoja na maneno "tafsiri ya mwandishi". Kufanya kinyume kunamnyima msomaji maneno ya jaji.

Barua za kuingia masjala ziende mapema. Kwa mtafiti Mtanzania, chuo hutoa barua ya utambulisho na utafiti. Mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Barua itaje mwaka na namba za kesi. Barua inayosema "majalada yote ya jinai" humweka karani katika nafasi ngumu, na mara nyingi inarudishwa.

Mei na Juni: maadili na mahojiano

Waombaji wengi katika mkusanyiko huu walifungua mashauri wakiwa magerezani, na Gereza la Karanga, Moshi, linatajwa. Kamati ya maadili iliuliza kama wafungwa watahojiwa. Jibu la mradi ni hapana, na si kwa sababu ya ugumu wa kibali cha Kamishna Jenerali wa Magereza. Mfungwa anayesubiri utekelezaji wa amri ana kila sababu ya kuamini kwamba mtafiti anaweza kumsaidia kutoka, na mahojiano yakifanyika askari akisikia, ridhaa yake haiwezi kuitwa huru. Wanaohojiwa ni mawakili waliosimamia mashauri, watumishi wa umma wanaohusika na utekelezaji, na waombaji ambao wako nje tayari.

Upande wa serikali, tangu 2018 Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ndiyo inayobeba mashauri ya aina hii. Kabla ya hapo kazi ilikuwa ndani ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Anayehojiwa kuhusu hukumu ya 2013 huenda anasimulia faili alilorithi, hivyo swali la kwanza ni: "Wakati huo wewe ulikuwa ofisi gani?"

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, inagusa kila kinasa sauti. Fomu ya ridhaa inasema sauti itatunzwa wapi, nani ataisikia na itafutwa lini. Jina la mhojiwa linakaa kwenye faili tofauti lenye nywila, na maandishi ya mahojiano yanabeba alama tu, kwa mfano W3. Kumbuka pia kwamba mawakili wa mashauri haya ni wachache. Ukiandika "wakili wa Arusha aliyesimamia shauri la mgombea binafsi", umemtaja.

Julai na Agosti: kupanga makundi na kuandika

Utekelezaji umepewa makundi manne: imetekelezwa, imetekelezwa nusu, haijatekelezwa, hakuna taarifa. Kundi la nne ndilo linalolinda heshima ya tasnifu. Kimya cha serikali hakithibitishi kwamba amri imepuuzwa, kama ambavyo ripoti ya serikali haithibitishi kwamba imetekelezwa. Chanzo cha kwanza ni ripoti ya shughuli ambayo Mahakama huwasilisha kila mwaka chini ya Ibara ya 31 ya Itifaki, inayotakiwa kutaja mahususi serikali ambazo hazikutii. Cha pili ni matini ya sheria yenyewe. Amri ya Ally Rajabu ya 28 Novemba 2019, kwa mfano, ilihusu adhabu ya kifo ya lazima chini ya kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu. Hiyo inakaguliwa kwa kusoma kifungu kama kilivyo siku ya ukaguzi, na kuandika tarehe ya siku hiyo kwenye rejista.

Mtu wa pili amepewa moja ya tano ya mistari aipange bila kuona majibu ya kwanza. Asilimia ya kukubaliana haitoshi. Mistari mingi ikiwa kwenye kundi moja, watu wawili watakubaliana sana hata wakibahatisha, kwa hiyo imepigwa pia kappa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano ya kubahatisha. Walipotofautiana zaidi ni mpaka kati ya "nusu" na "haijatekelezwa". Dawa yake imekuwa kuandika kanuni ya mstari mmoja: nusu ni pale ambapo angalau kitendo kimoja kilichotajwa kwenye amri kimekamilika. Mswada unaoandaliwa si kitendo kilichokamilika.

Sura zinaandikwa kuanzia ya nne, si ya kwanza. Sura ya nadharia ikiandikwa kabla ya matokeo huvimba hadi maneno 25,000, kisha nusu yake haitumiki. Kikomo cha tasnifu ni maneno 80,000. Nadharia imepewa 12,000, na inaandikwa baada ya sura za matokeo kusimama.

Septemba: tanbihi

Mtindo wa kunukuu ni OSCOLA, unaotumika katika sheria; vyanzo viko Zotero, programu ya kutunza marejeo. Sura zikiunganishwa kuwa faili moja, namba za tanbihi hubadilika, na kila rejeo la ndani lililoandikwa kwa mkono linakuwa uongo. Tumia rejeo la Word linalojisasisha. Hata hivyo, kuchagua matini yote na kubonyeza F9 hakugusi tanbihi: bofya ndani ya tanbihi yoyote, chagua zote kwa Ctrl+A, ndipo ubonyeze F9. Jedwali la mashauri linakaa mbele ya tasnifu, na majina ya mashauri humo hayaandikwi kwa italiki kama ndani ya tanbihi.

Kisha kila nukuu ya amri imesomwa upya dhidi ya hukumu yenyewe, aya kwa aya. Kazi hii inachosha kuliko nyingine zote na hakuna programu inayoifanya. Mtahini wa sheria akikuta "inaweza" mahali Mahakama iliposema "lazima", ataacha kuamini rejista nzima, na atakuwa na haki.

Novemba: kuwasilisha na kutetea

Programu ya kupima ufanano ilirudisha asilimia kubwa kwa sababu mbili za kawaida: amri zilizonukuliwa neno kwa neno, na makala iliyotolewa kutokana na sura ya tano. Nukuu na bibliografia huondolewa kwenye kipimo. Makala hutangazwa kwenye dibaji kwa kutaja sura na kurasa zinazohusika.

Watahini waliuliza zaidi juu ya vitu viwili. Kwanza, kama maneno ya amri ndiyo sababu, au ni dalili tu ya ugumu wa jambo lenyewe: kubadili Katiba ni kugumu hata amri iwe wazi kiasi gani. Jibu lililosimama ni kulinganisha amri za aina moja peke yake, fidia kwa fidia, marekebisho ya sheria kwa marekebisho ya sheria. Pili, kama lugha ya amri imebadilika kwa wakati. Imebadilika, na safu ya tarehe ndiyo iliyojibu: hukumu za mwanzo zilitenganisha msingi na fidia, za baadaye nyingi zimeviunganisha na kuweka muda na ripoti kwa kila amri.

Matokeo: mtafiti amefaulu, na marekebisho madogo ndani ya miezi mitatu.

Januari: marekebisho

Kila maoni ya mtahini yamewekwa kwenye jedwali la safu tatu: maoni kama yalivyoandikwa, kilichofanyika, ukurasa mpya. Palipokataliwa pendekezo, sababu imeandikwa kwa sentensi mbili na kutiwa saini na msimamizi. Namba za kurasa zinajazwa mwisho kabisa, kwa sababu aya moja ikiongezwa sura ya pili zote zinasogea.

Nakala ngumu ina pambizo ya sentimita 4 kushoto kwa ajili ya jalada, 2.5 kwingineko. Nakala ya kielektroniki ni PDF/A, aina ya PDF ya kuhifadhiwa muda mrefu. Rejista inawekwa maktaba pamoja na mwongozo wa makundi na tarehe ya mwisho ya ukaguzi, ikiwa imeondolewa safu za mahojiano. Mtafiti anayefuata ataendelea kuanzia mstari wa mwisho.